Kamera ya Kwanza kwa Dada Anayetaka Kupiga Picha za Mabiharusi



Tangu nianze kupiga picha kwenye shughuli zetu za wanawake, wasichana wengi wananijia na swali moja: "Dada, na mimi nataka kuanza. Ninunue kamera gani?" Ningeweza kutaja jina moja tukaachana, lakini jibu la hivyo halimfikishi mtu popote. Kwa hiyo leo nimekaa niwaeleze nilivyofikiri kabla ya kutoa pesa yangu, nilichonunua, na kwa nini. Na wewe unayetarajia kuolewa karibuni inshaallah, usiondoke ukadhani haya ni ya wapigapicha peke yao. Utaona mbele kwamba yanakuhusu kuliko mtu yeyote.

Kwa asiyenijua, mimi ni mshonaji. Nilimaliza kidato cha nne, nikasoma kozi ya ushoni, na sasa nina duka langu dogo la kushona na kukodisha magauni ya harusi. Mambo ya kamera sikuyasomea skuli. Nimejifunza kwa kuuliza, kwa kusoma na kwa kujaribu, kama nilivyojifunza kutia shanga kwenye kitambaa cha wavu bila kukichana.

Kilichonisukuma

Mteja wangu mmoja nilimshonea gauni la kupambwa. Mama yake alisimama mlangoni mwa ukumbi akawaomba wageni waweke simu mikobani, na kwa macho yangu niliona watu wakikubali. Asubuhi yake picha ya yule binti, nywele wazi na kifua wazi, ikawa kwenye status za watu. Mashemeji wameiona, majirani wanaume wameiona. Siku ya tatu mama akaja dukani kumalizia salio la gauni. Nikamwamkia, akaitikia kwa sauti ndogo, akakaa. Akaniambia, "Mwanangu, picha tulikuwa tunaitaka. Tulichokosa ni mtu wa kumwamini." Na kweli, katika shughuli ile nzima hawana hata picha moja nzuri ya kumwekea binti yao. Wanayo ile moja iliyoibiwa, na hiyo hawataki kuiona.

Dada zangu, aya ya 31 ya Suratun Nur imewataja mmoja mmoja wale ambao mwanamke anaweza kuonyesha pambo lake mbele yao. Picha ikishatoka mkononi mwako haichagui nani aione. Ndiyo maana naona kwamba mwanamke anayejua kupiga picha na kuzilinda anafanya kazi kubwa katika visiwa vyetu.

Najua pia kwamba masheikh wamekhitilafiana kuhusu picha zenyewe. Wapo wanaozikataza, wapo wanaoziruhusu kwa masharti. Mwenye shaka amuulize sheikh anayemwamini. Mimi nasema na yule ambaye ameshauliza, ameridhika, na sasa anatafuta chombo.

Chukua vipimo kwanza

Fundi hakati kitambaa kabla ya kumpima mtu. Kwa kamera pia, kabla ya kuingia dukani nilijiuliza nitasimama wapi nikipiga, na nitampiga nani.

Majibu yangu yalikuwa haya. Nitapiga ndani, mara nyingi usiku. Siku ya hina nitakuwa kwenye chumba cha kulala chenye kitanda, kabati, somo, shangazi na watoto wanne. Siku ya kupambwa nitakuwa ukumbini penye taa za rangi na moshi wa udi. Watu hawatatulia, watacheza na kumtunza biharusi. Na picha nitakazotoka nazo ni za wanawake waliovua baibui.

Mtu anayetaka kupiga pwani ya Nungwi jua likitua ana vipimo vyake vingine, na yeye anaweza kununua tofauti na mimi. Ukisoma ushauri wa watu wa mbali utaona wengi wanazungumzia ndege, milima na safari. Hilo silo gauni lako.

Giza la ndani na kazi ya lenzi

Wanaoanza wengi wanauliza megapikseli. Kamera tatu nilizozilinganisha zote zina kama 24. Picha ya hivyo ina nukta 6,000 kwa 4,000, na unaweza kuichapisha kwa ukubwa wa inchi 20 kwa 13 ikatoka safi kabisa. Albamu ya harusi haihitaji zaidi ya hapo. Kwa hiyo megapikseli nikaziweka pembeni.

Kilichonishughulisha ni lenzi. Kamera nyingi za wanaoanza huja na lenzi ya 18-55mm iliyoandikwa f/3.5-5.6. Hizo namba za f zinaeleza tundu la lenzi linafunguka kiasi gani kuingiza mwanga, na namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa. Kwenye lenzi ile, ukivuta hadi 55 tundu haliwezi kuzidi f/5.6. Lenzi ya f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi ya huo. Hata ukiilinganisha na ile ya kwanza ikiwa wazi kabisa kwenye f/3.5, bado inaingiza karibu mara nne.

Chukulia chumba cha hina chenye balbu moja. Kwa f/5.6 kamera inaweza kuhitaji kubaki wazi kwa 1/15 ya sekunde. Kwa muda huo mkono wa mpaka hina ukisogea kidogo tu, picha imeshatoka na ukungu. Kwa f/1.8, mambo mengine yakibaki vilevile, unafika karibu 1/150, na mkono unaonekana umetulia. Hiyo ndiyo tofauti baina ya picha ya kuweka na picha ya kufuta.

Mtu atasema, washa flashi. Flashi ndogo iliyojengwa kwenye kamera inampiga biharusi usoni moja kwa moja. Poda inang'aa, dhahabu inameta vibaya, na moshi wa udi unarudisha mwanga ukawa kama pazia jeupe mbele yake. Flashi kubwa ya kuweka juu ni bora kwa sababu unaweza kuielekeza darini mwanga ukarudi kwa upole, lakini inataka dari nyeupe na ya karibu. Kwenye nyumba za zamani za Mji Mkongwe, zenye dari za boriti zilizo juu sana, mwanga unapotelea hukohuko. Kwa hiyo lenzi ya tundu kubwa nikaitia kwenye hesabu tangu mwanzo.

Nayo ina masharti yake. Ukipiga kwa f/1.8 kwa karibu, jicho linakuwa kali na sikio linafifia. Kwa biharusi peke yake hiyo inapendeza. Ukiwapanga dada zake wanane kwa safu mbili, funga tundu mpaka f/4 au f/5.6, la sivyo wa nyuma watalalamika, na haki yao.

Kamera tatu mezani

Nilizipima tatu ambazo kwetu watu wanazijua. Zote tatu zilitoka mwaka 2018, kwa hiyo zilizotumika zinapatikana.

Canon EOS 2000D ni rahisi kujifunza, na vifaa vyake vipo. Betri yake kwa kipimo cha kiwanda inatoa picha kama 500. Lenzi ya 50mm f/1.8 ya Canon ni ya bei nafuu na ni nzuri, lakini sensa ya kamera hii ni ndogo, kwa hiyo lenzi hiyo inaona kama 80mm. Kwa lugha nyepesi, inasogeza mbele. Kwenye ukumbi ni raha. Kwenye chumba cha hina utajikuta umeegemea kabati na bado kichwa cha biharusi kimekatika.

Canon EOS M50 ni ya zile zisizo na kioo ndani. Ni ndogo, ina kioo cha nyuma kinachogeuka, na video yake inafika 4K. Kwa anayetaka zaidi video, aiangalie. Mimi iliniacha kwa mambo mawili. Betri yake ni picha kama 235 tu, na shughuli zetu unazijua, ukiambiwa saa mbili usiku biharusi anatoka saa nne. Pia lenzi zake ni za aina ya EF-M, na Canon wenyewe wameshahamia kwenye aina ya RF, kwa hiyo kukua nayo kuna ukomo.

Nikon D3500 ina betri ya picha kama 1,550 kwa kipimo cha kiwanda. Ni nyepesi, gramu 415 pamoja na betri na kadi, na mkono uliokuwa na sindano tangu asubuhi unalijua hilo. Lenzi ya Nikon ya DX 35mm f/1.8 juu yake inaona kama 52mm, yaani inamwingiza biharusi na mapambo yake bila kukusukuma ukutani. Ina upungufu wa kuujua: kamera hii haina mota ya fokasi ndani, kwa hiyo nunua lenzi za AF-S au AF-P tu. Ya zamani isiyo na mota utaiweka na kuzungusha fokasi kwa mkono. Video yake pia haifiki 4K.

Nikachagua hiyo D3500, iliyotumika, na lenzi ya 35mm. Vipimo vyako vikiwa vingine, jibu lako litakuwa jingine. Kama dada yako au shoga yako ana Canon na yuko tayari kukuazima lenzi na kukufundisha, hiyo ni sababu nzuri ya kununua Canon.

Pesa ya mchezo

Sikukopa. Nilingoja zamu yangu ya mchezo, nikapata milioni moja na nusu, na nikaigawa kabla ya kutoka nyumbani. Nusu kwa kamera yenyewe. Sehemu moja katika tano kwa lenzi. Iliyobaki kwa kadi mbili, betri ya pili, mkoba, na diski ya nje ya kuhifadhia picha.

Nasisitiza mgawo huo kwa sababu naona dada wanamaliza pesa yote kwenye mwili wa kamera. Ni sawa na mshonaji anayeanza kununua cherehani ya mishono mia, akashonea miwili tu, na pesa ya uzi mzuri hana.

Ukinunua kilichotumika, nenda na kadi yako na tochi ya simu. Vua lenzi, mulika tochi upande mmoja na uchungulie upande wa pili. Ukiona nyuzi kama za buibui, hiyo ni kuvu, iache. Piga ukuta mweupe kwa f/16 uone kama kuna madoa meusi ya vumbi kwenye sensa. Piga picha moja ya kawaida, uende nayo kwa mtu mwenye kompyuta akusomee idadi ya mibofyo, kwa sababu kwa Nikon namba hiyo imo ndani ya faili la picha. Shata za kamera za ngazi hii hujaribiwa hadi mibofyo kama 100,000. Iliyopiga 15,000 bado mbichi, iliyopiga 90,000 bei ishuke sana au uondoke. Na usione haya kuchukua muda. Kitambaa hukikagui kwa kuona haya.

Jicho la mshonaji

Kitu kimoja kilinisaidia kutoka kwenye kazi yangu ya zamani. Wateja wangu huwa nawatoa nje ya duka waitazame rangi ya kitambaa juani, maana chini ya taa rangi ya maziwa inaonekana njano na zambarau inaonekana buluu. Kamera nayo inadanganywa hivyohivyo. Gauni jeupe chini ya balbu za ukumbini linatoka kama limechovywa chai.

Kwa hiyo kwenye menyu nachagua faili ghafi, zile zilizoandikwa RAW, kwa picha za biharusi. Ni nzito na zinajaza kadi haraka, lakini rangi nairekebisha nyumbani bila kuharibu picha. Kamera zote tatu nilizozitaja zinaweza. Biharusi aliyelipia rangi ya maziwa apate rangi ya maziwa.

Hewa yetu ya bahari

Chumvi na unyevu havina huruma na vioo. Lenzi ikikaa kabatini masika yote bila kuguswa, kuvu inaingia. Mimi naweka kamera kwenye kopo la plastiki linalofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na kila wiki naitoa nipige picha mbili tatu. Ukitoka kwenye ukumbi wenye kiyoyozi kwenda nje kwenye joto, iache ndani ya mkoba kwa nusu saa. Ukiitoa hapohapo, kioo kinapata umande, na umande ukiingia ndani ni kazi ya fundi.

Picha zitalala wapi

Sasa nimefika nilipokuwa nakwenda. Kwangu mimi, namna kamera inavyotunza picha ni sehemu ya kuichagua, sawa na betri na lenzi.

Kamera za siku hizi zinapenda kuzungumza na simu. D3500 ikiunganishwa kwa Bluetooth inaweza kurusha nakala ndogo ya kila picha kwenye simu yenyewe tu, bila kuulizwa. Na simu yako, kama umeiwasha ihifadhi picha kwenye Google Photos, inazipandisha mtandaoni usiku wakati umelala. Kama akaunti ile imo pia kwenye tableti ya mwanao au kompyuta ya nyumbani, picha ya biharusi wa watu imeshafika mahali ambapo wewe mwenyewe huna habari napo. Hakuna aliyekusudia ubaya, lakini stara imeshavunjika. Kwa hiyo kamera yangu sijaiunganisha na simu hata siku moja. Ukinunua yenye waifai, izime kwenye menyu siku ileile unayoitoa boksini.

Kadi nazo zina siri yake. Ukifuta picha kwenye kadi, mara nyingi kinachofutika ni orodha tu. Picha zenyewe zinabaki mpaka zipigwe nyingine juu yake, na zipo programu za kuzirudisha. Ndiyo maana kadi za kazi siazimi, siuzi, na kamera ikienda kwa fundi inakwenda tupu. Ikiharibika kadi, naivunja kwa mkasi.

Kamera za wanaoanza nyingi zina tundu moja tu la kadi, yaani kadi ikifa picha zimekufa nayo. Kwa hiyo nikifika nyumbani, kabla ya kuvua viatu, picha zinahamia kwenye diski ya nje yenye neno la siri. Nikishamkabidhi biharusi na akathibitisha amezipata zote, ananiambia mwenyewe nizitunze au nizifute. Neno lake naliandika kwenye daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari, na stara ya mtu ni zaidi ya mali.

Kwa hiyo kamera bora ya kuanzia, kwa kazi hii yetu, ni ile utakayoweza kuijua yote mpaka ndani ya menyu. Ukiwa na kamera ya bei kubwa lakini hujui picha zake zinakwenda wapi, watu hawawezi kukuamini nayo.

Kwako biharusi

Sasa na wewe, kabla hujalipa kianzio, muulize mpigapicha wako mambo haya. Je, ni yeye mwenyewe atakayepiga, au atamtuma mtu? Picha zinahaririwa na nani? Wapo wanawake wanaopiga vizuri, halafu kuhariri wanampa kijana wa kiume dukani, na wewe hukujua. Kamera yake imeunganishwa na simu? Picha zitakaa wapi, na kwa muda gani? Ataweka yoyote kwenye ukurasa wake wa biashara? Kama jibu lako ni hapana, liandikwe kwenye risiti. Akikasirika kwa kuulizwa, umeshapata jibu. Anayeijua kazi yake atafurahi kwamba umeuliza.

Na wewe dada unayetaka kuanza, anza na ulichonacho. Simu yako inatosha kujifunza mwanga: mweke mdogo wako karibu na dirisha asubuhi na uangalie kivuli kinavyoangukia usoni. Mchezo ukifika zamu yako utakuwa unajua unachokitafuta, na muuzaji hatakuyumbisha.

Allah atupe mikono yenye ustadi na yenye amana, awasitiri mabiharusi wetu wote, na atie baraka katika riziki zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.